Watatu kwenye Karatasi

Kila Ijumaa mchana mkuu wa wauguzi alikuja katika wodi yetu ya uzazi na karatasi mpya ya zamu, ile ambayo sisi sote tunaiita orere. Aliibandika ukutani kwa plasta ileile tunayofungia vidonda, kisha akaondoka bila kuitazama tena. Ilikuwa karatasi safi. Mistari ilipigwa kwa rula, majina yaliandikwa kwa kalamu ya bluu, siku kwa kalamu nyekundu. Ana mwandiko mzuri yule bwana. Hata leo nikiona mwandiko mzuri kwenye karatasi ya ofisi, mwili wangu unapata joto.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko upande wa Kasongo, na anayedhani ameitambua huenda amekosea, kwa sababu karatasi kama ile ziko nyingi. Nilifika pale nikiwa na diploma yangu ya uuguzi na mimba ya miezi mitano ya mtoto wangu wa pili, nikafanya kazi miaka sita. Wodi ya uzazi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, chumba cha kuzalia chenye meza mbili, na dirisha lililotazama ua. Ng'ambo ya ua, hatua kama sitini hivi, ilikuwa wodi ya watoto. Hatua hizo nilizihesabu baadaye, mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu.

Kwenye orere, zamu ya mchana ya wodi yetu ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mwanaume mmoja ambaye zaidi ya mwaka mzima alikuwa ameshahamia Salamabila. Alikuwa amefungua duka la dawa la mbao karibu na wachimbaji wa dhahabu, na alimwambia kila mtu wazi kwamba harudi. Wa tatu alikuwa dada aliyemfuata mumewe Kindu. Huyo tulimuaga vizuri. Tulimnunulia kikwembe, yaani kitenge, tukapika wali na sombe ya majani ya muhogo, tukacheza hadi miguu ikauma. Yeye aliondoka, lakini jina lake liliendelea kuja kazini.

Mwanzoni tulicheka. Mtu akichelewa tulimwambia aige mfano wa dada wa Kindu, ambaye hajawahi kukosa hata siku moja. Kicheko kilitutoka polepole, kadiri miguu ilivyovimba. Kuna siku nilikwenda mwenyewe ofisini kwa mkuu wa wauguzi nikamuuliza kwa nini hawafuti wale ambao hawapo. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akanieleza kwa upole kwamba orodha ya wafanyakazi inapanda juu kila baada ya miezi mitatu, na kwamba wodi yenye watu wachache kuliko wanaotakiwa inashushwa cheo. Wakishusha wodi, wanamchukua daktari. Wakimchukua daktari, chumba cha upasuaji kinafungwa. Akifuta majina mawili leo, alisema, hakuna atakayemletea watu wawili kesho, ila watu wa kufunga mlango watakuja haraka.

"Mama," aliniambia, "hii karatasi ndiyo inashikilia nyumba."

Nilitoka pale nikiwa nimemwamini nusu. Hiyo nusu ndiyo inayonitia hasira kuliko yote, kwa sababu ilikuwa yangu, hakuna aliyenilazimisha. Nilirudi wodini nikafanya kazi ya watu watatu nikijiambia kwamba ninashikilia nyumba.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne, katika mwezi wa mvua. Nilipokea zamu kutoka kwa mwenzangu wa asubuhi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye mimi nilimwita Yaya, dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ya mbao, na kunyamaza kwanza kabla ya kumwambia mama chochote. Siku hiyo vifundo vya miguu yake vilikuwa vimejaa hadi viatu vilikataa. Alisema atabaki saa moja au mbili anisaidie. Nilimkatalia. Juzi yake alikuwa amenishikia zamu mtoto wangu alipokuwa na homa, na niliona aibu kumtwisha mara mbili. Alikwenda nyumbani peku, viatu mkononi.

Muda mfupi baadaye mkuu wa wauguzi alipita na kunieleza kwamba muuguzi wa wodi ya watoto ameitwa mjini kwenye mafunzo ya chanjo, hivyo nitupie jicho na kule. Nilimwambia niko peke yangu. Yeye aliutazama ukuta, akatazama saa yake.

"Muko watatu," alisema.

Nilingoja atabasamu, ili nijue kwamba anajua. Hakutabasamu. Alichukua mwavuli wake akaenda.

Katika chumba cha kuzalia alikuwapo mwanamke mmoja wa mimba ya nne. Walikuwa wametoka shambani, upande wa Wamaza, watatu juu ya pikipiki moja: dereva mbele, mjamzito katikati, na mama mkwe wake nyuma akimshikilia. Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, Mubangubangu, amefunga kitambaa cha kichwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kulima. Kwa mkwe wake alizungumza Kibangubangu, kwangu Kiswahili. Alikuja na sufuria ndogo, mchele, chupa ya mawese na kikwembe kipya cha kumpokelea mtoto. Yule mkwe alikuwa mtu wa kucheka. Uchungu ukipita alicheka, akamwambia mama mkwe jambo ambalo sikulielewa, na wote wawili walicheka tena, mpaka uchungu mwingine ulipomkamata.

Alijifungua kama saa kumi. Mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Kondo la nyuma lilitoka zima. Nilimchoma sindano ya kubana kizazi, nikapapasa tumbo, lilikuwa gumu kama inavyotakiwa. Niliandika kila kitu. Tulivyofundishwa shuleni ni kwamba saa mbili za kwanza baada ya kuzaa usimwache mama. Unapima damu, unapapasa tumbo, unatazama nguo, kila baada ya robo saa. Mwalimu wetu alisema katika saa hizo muuguzi hana wodi nyingine wala mgonjwa mwingine. Niliandika hilo katika daftari na kulipigia mstari chini.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mwanamke mmoja aliingia mbio kutoka wodi ya watoto, amelowa, akaniambia kwamba mtoto wake anayeongezewa damu anatetemeka kitanda kizima. Nilijua maana yake. Damu ile ilikuwa ikimkataa, na isipofungwa haraka atakufa. Nilipapasa tena tumbo la mzazi wangu: bado gumu. Nilimshika mama mkwe mkono, nikauweka juu ya tumbo la mkwe wake, nikamwonyesha. Nilimwambia likilainika asugue kwa nguvu, hivi, na aniite kwa sauti kubwa. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Nikakimbia.

Mtoto yule wa damu nilimfungia mrija, nikamwekea maji, nikampiga sindano. Alikuwa wa miaka mitatu hivi, macho yamegeuka. Nilikuwa bado namshika wakati mama wa kitanda cha pili aliponiita, na wa kwake alikuwa amekakamaa kwa degedege la malaria, povu mdomoni. Huyo naye sikuweza kumruka. Nilimlaza ubavu, nikatafuta dawa, kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo nilikuwa nao mfukoni lakini vidole vilikataa kuupata. Sijui zilipita dakika ngapi. Ripoti inasema ishirini na tano. Mimi nadhani ni pungufu. Sina pa kulithibitisha, kwa sababu mtu wa kutazama saa ndiye mtu ambaye hakuwepo.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amepanda juu ya ngazi ya kitanda, anasugua tumbo kwa mikono miwili kama nilivyomwonyesha, na anaita. Alikuwa ameita muda wote. Mvua juu ya bati ilikuwa imemeza sauti yake. Damu ilikuwa imepita godoro na imefika sakafuni.

Nilifanya kila nilichofundishwa. Nilimwekea mirija miwili ya maji, nikamchoma sindano nyingine, nikaingiza mkono kubana kizazi kwa ndani na kwa nje, nikamtuma mama wa kitanda cha jirani amwite daktari. Daktari alikuwa katika chumba cha upasuaji na tumbo la mtu wazi mbele yake. Aliagiza nijaribu hiki na kile, ambavyo nilikuwa nimeshavifanya, na alikuja alipomaliza kushona. Yule mwanamke aliomba maji. Kisha aliuliza kama anayelia ni mtoto wake au ni wa mwingine. Nilimwambia ni wake. Alikufa kabla jua halijazama.

Mama mkwe hakuutoa mkono tumboni. Daktari alikuwa ameshafunga macho ya maiti na ameshatoka, naye bado anasugua, polepole, akinitazama.

"Mama munganga," aliniuliza, "niache sasa?"

Nilimwambia aache. Nilimwosha marehemu mimi mwenyewe, na hakuna mtu aliyekuja kunipokea zamu mpaka nilipomaliza.

Wale watoto wawili walipona. Ninaliandika hilo hapa kwa sababu hakuna mahali pengine lilipoandikwa.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kutakiwa maelezo. Kabla sijajibu, mkuu wa wauguzi aliniita. Safari hii hakunipa kiti. Alikuwa ameshaandika maelezo yangu kwa mwandiko wake mzuri, yamebaki kutiwa sahihi. Yalisema kwamba tulikuwa watatu, kwamba wenzangu wawili walikuwa wametoka kwa muda kwa shughuli za kazi, na kwamba sote tulizidiwa. Alinieleza kwamba hivyo lawama itagawanywa kwa watu watatu na haitakuwa nzito kwa yeyote. Nilimuuliza huyo wa Salamabila atabebaje sehemu yake. Alisema nisiwe mtoto. Nikamrudishia kalamu.

Niliandika ya kwangu. Nusu ukurasa. Nilikuwa peke yangu, nilikuwa na wodi mbili, nilimwambia mkuu, na mkuu alinijibu hivi. Nilinakili maneno yake mawili kama yalivyo.

Kikao kilikaliwa siku ya soko. Walikuwapo daktari mkuu, mkuu wa wauguzi, msimamizi wa hospitali, katibu, na bwana mmoja aliyetumwa kutoka ofisi ya afya. Ripoti ilisomwa. Ilisema kwamba wauguzi watatu wakiwa zamuni, mgonjwa aliachwa bila uangalizi kwa uzembe wa muuguzi aliyehusika. Muuguzi aliyehusika alikuwa amekaa pale, ananuka sabuni ya wodi, na hakuna aliyemwangalia. Msimamizi aliuliza kwa nini sikumpa kazi mmoja wa wenzangu. Nilisema hawakuwepo. Akaniambia orere inaonyesha walikuwepo. Nilisema orere inasema uongo. Aliniomba nichague maneno.

Ile familia nayo ilikuwa imeitwa. Waliitwa ili watie sahihi kwamba hawana malalamiko. Mume wa marehemu alikuwa mwanaume mkimya wa mikono ya jembe, na mama yake alikuja na yule mtoto wa kike mgongoni, amelala. Sijui walikuwa wakimnyonyesha kwa nani. Bwana wa ofisi ya afya aliwauliza kwa adabu, kama mtu anayemaliza orodha yake, kama wana neno.

Yule mama alisimama.

"Miye sijui kusoma," alisema. "Lakini kuhesabu najua. Siku ile niliona munganga mumoja. Alikuwa anakimbia. Wale wawili munaosema, muwalete hapa niwaone, kwa sababu niliita mpaka koo ikaniuma na hakuna mutu aliyekuja."

Mkuu wa wauguzi alitazama kalamu zake. Daktari mkuu alisema asante mama, tumesikia. Mimi nilikuwa nikimtazama katibu. Kalamu yake ilikuwa imelala juu ya meza, na wakati wote ule mama aliposema haikuinuka. Ilipofika zamu ya msimamizi kufunga kikao, katibu aliiokota akaandika.

Nje, karibu na bomba, mume alinisogelea. Nilidhani atanipiga na nilikuwa tayari. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama tungekuwa wawili siku ile, mke wake angepona? Nilimjibu ukweli, kwamba nadhani ndiyo. Alishika kichwa, kisha akaenda kumsaidia mama yake kupanda pikipiki. Baadaye niliambiwa kwamba jibu hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa, kuliko kifo chenyewe.

Nilipewa onyo la maandishi likawekwa kwenye faili langu. Ijumaa ile ile orere mpya ilibandikwa. Zamu ya mchana, wodi ya uzazi: watatu. Dada wa Kindu, bwana wa Salamabila, na mimi.

Nilikaa nayo hasira ile siku mbili nyumbani, nikiwafokea watoto kwa makosa ya kijiko. Siku ya tatu nilichukua karatasi tupu nikachora orere yangu. Niliandika walio hai na waliopo tu. Mahali pa wengine niliacha pakiwa peupe. Wiki nzima ilikuwa na weupe mwingi kuliko majina. Niliibandika kando ya ile yake kwa plasta hiyohiyo.

Ndugu wa wagonjwa ndio walioisoma kwanza. Mwanaume mmoja aliyemleta dada yake alisimama mbele ya karatasi mbili akiziangalia moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza aamini ipi. Nilimwambia ahesabu watu. Tangu siku hiyo wakawa wanahesabu. Waliuliza kwa nini wodi nzima iko na mtu mmoja, waliuliza msimamizi, waliuliza daktari alipokuwa akipita na kahawa yake. Mkuu wa wauguzi aliing'oa karatasi yangu. Nikabandika nyingine. Aliing'oa, akaniambia mbele ya wagonjwa kwamba ninachafua jina la hospitali.

Karatasi ya tatu sikuibandika mimi. Nilifika asubuhi moja nikaikuta ukutani, na mwandiko ulikuwa wa Yaya, mkubwa, wa kutetemeka. Alikuwa amebakiza miezi tu astaafu. Nilimwambia aiondoe, watamharibia. Alisema ameshazalisha nusu ya watu wanaotoa amri pale, na hawezi kumwogopa mtu aliyempokea akiwa uchi. Wenzetu wengine walipita mbele ya ukuta ule wakitazama sakafu, na mmoja, rafiki yangu wa kula naye sahani moja, aliacha kula na mimi. Sikumlaumu wakati ule. Sasa ninamlaumu.

Barua ya uhamisho ilikuja baada ya wiki tatu: Kabambare, kwa mahitaji ya kazi. Mume wangu ni mwalimu, hakuweza kuacha darasa katikati ya mwaka. Mtoto wa kwanza alibaki naye, wa pili nilimchukua. Tulikwenda kwa pikipiki katika matope, tukishuka kwenye kila kilima ili dereva aisukume, tukalala njiani mara moja kwa watu waliotupa mkeka bila kutuuliza majina. Mtoto wangu alilia akauliza nimefanya kosa gani. Nilimwambia sijafanya kosa. Akauliza basi kwa nini tumefukuzwa.

Hospitali ya Kabambare ilikuwa ndogo kuliko ile. Mkuu wa wauguzi wa pale alikuwa mwanaume mwembamba, macho yamechoka, amevaa koti jeupe lenye kiraka. Nilimpa barua yangu. Alisoma jina, akanitazama, akasoma tena.

"Kumbe uko mutu wa kweli," alisema.

Sikumwelewa. Alinishika kiwiko akanipeleka mbele ya ukuta wa wodi yake. Orere yao ilikuwa pale, kwa penseli, na katika zamu ya mchana lilikuwapo jina langu. Jina langu lote, na la baba yangu. Nilimuuliza limefikaje kabla yangu. Alinieleza bila aibu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. Mwaka uliotangulia ilitoka barua ya kunipeleka kwao kuongeza nguvu. Kasongo walinizuia kwa sababu hawakuwa na watu, na mimi sikuonyeshwa barua hiyo. Lakini Kabambare walikuwa wameshaniandika, na walipoona siji, waliniacha pale, kwa sababu bila mimi idadi yao haikutimia. Nilikuwa nimefanya kazi Kabambare miezi minane.

Niliomba faili la orere za zamani. Alinipa. Nilitafuta mwezi wa mvua, nikatafuta ile Jumanne. Zamu ya mchana, wodi ya uzazi, watu wawili, na wa kwanza nilikuwa mimi. Mwanamke yule alipokuwa akivuja damu mbele ya mama mkwe wake, mimi kwenye karatasi nilikuwa nalinda wanawake wa Kabambare pia.

Nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji ya mvua. Nilitaka kuvunja kitu na hapakuwa na kitu cha kuvunja ambacho hospitali ile haikukihitaji. Niliporudi ndani nilimuuliza siku hiyo nani alikuwa zamuni kweli. Alifikiri. Alisema ni msichana mmoja ambaye sasa ameacha kazi, anauza vitenge Salamabila. Nilimuuliza kama siku hiyo alikufa mtu. Alisema hakumbuki, na nadhani alisema kweli, na kwa sababu hiyo nilipandwa na hasira zaidi.

Nilinakili orere ile kwa mkono, nikamwomba aigonge muhuri. Alikataa. Kesho yake asubuhi alinikuta nikifunga kitovu cha mtoto, akasimama mlangoni, akaniambia nilete ile karatasi. Hakueleza kwa nini amegeuka. Aligonga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia. Nilimwandikia Yaya, na Yaya alinitumia orere yenyewe ya ile Jumanne, ile ya bluu na nyekundu, aliyokuwa ameibandua na kuihifadhi tangu siku ya mazishi. Ilifika ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa mchele, kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja mwanamke. Niliziambatanisha zote mbili na barua ya kurasa mbili, nikapeleka ofisi ya afya, na nakala nikaipeleka mkoani. Katika barua sikumtukana mtu. Niliuliza swali moja: siku hiyo, saa kumi mchana, nilikuwa wapi?

Miezi ilipita bila jibu. Kisha walikuja watu wawili na gari, wakakaa siku moja, wakaita majina kwa sauti na kungoja mwenye jina ainue mkono. Walifanya hivyo na kule Kasongo. Yaya aliniandikia kwamba dada wa Kindu na bwana wa Salamabila walifutwa, na kwamba baada ya muda wauguzi wawili wapya, wa kweli, waliletwa katika wodi yetu ya uzazi. Mmoja wao alikuwa amepewa kabati langu. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Wodi haikushushwa cheo. Chumba cha upasuaji hakikufungwa. Nyumba ile ilisimama vizuri bila majina yale, na mwanamke yule angeweza kuwa anacheka shambani kwake mpaka leo.

Mkuu wa wauguzi alipandishwa cheo, akaenda kupanga karatasi katika ofisi kubwa zaidi. Onyo langu bado limo kwenye faili. Niliomba liondolewe, nikajibiwa kwamba kikao kile kilikwisha na uamuzi wake haurudiwi. Walinipa nafasi ya kurudi Kasongo. Nilikataa, kwa sababu Kabambare tulikuwa wauguzi wanne wa kuhesabika kwa vidole, na ningeondoka wangebaki watatu. Mume wangu aliomba uhamisho naye, akapata baada ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka ule na nusu hakuna atakayeturudishia.

Sasa orere naipanga mimi. Yule bwana mwembamba alinikabidhi rula na penseli, akasema mikono yangu ni mipya. Nilidhani nitaifanya kwa haki na basi, lakini haki ya watu wanne kwa siku saba haitoshi, hata uigeuze vipi.

Mwezi uliopita muuguzi wangu mdogo kuliko wote alinijia amevaa kikwembe cha msiba. Baba yake amefariki Wamaza. Aliomba siku nne: moja ya kwenda, mbili za kilio, moja ya kurudi. Nilitazama karatasi. Mwenzetu mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa amesimama siku sita mfululizo. Nilimwambia nina siku mbili.

"Yaya," aliniambia, maana kwao sasa mimi ndiye Yaya, "siku mbili ni za barabara tu. Nitamzika saa ngapi?"

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia wanawake wanaozaa hawangoji mazishi ya baba yake. Niliyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu. Aliinamisha kichwa, akafunga mfuko wake. Nilimkimbilia mpaka kwenye lango nikamwambia aende siku nne, nitajaza mimi. Alikwenda bila kuniaga. Nilisimama zamu zake zote juu ya zangu, na siku ya tatu nilimchoma mgonjwa mmoja sindano ya mgonjwa mwingine. Ilikuwa dawa isiyodhuru, Mungu alinisitiri. Nililiandika kosa hilo kwenye daftari, kwa jina langu.

Aliporudi, siku ya nne jioni, miguu imejaa matope, alinikuta nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nimelala na kipimo cha joto mkononi. Alinivua kiatu kimoja, nikaamka. Nilimpa pole ya msiba. Aliipokea. Lakini wiki nzima alizungumza na mimi kuhusu wagonjwa tu, na mimi sikumwomba zaidi ya hapo. Tangu nikabidhiwe rula nina barua nyingine ya mkoani, ya kuomba watu wawili. Naituma kila mwisho wa mwezi, maneno ni yaleyale, nabadilisha tarehe.